Samaki wa bomu tulikuwa tunamjua kwa kidole

Mama yangu hanunui samaki kwa macho, ananunua kwa kidole. Anasimama mbele ya meza pale soko la samaki Deep Sea, Tanga, hasemi kitu, anamshika changu kichwani, anambonyeza ubavuni na kidole gumba halafu anaachia. Nyama ikirudi juu anauliza bei. Ikibaki na shimo kama unga uliozidi maji, anamgeuza, anamfungua shavu, anaangalia jicho kama limevilia damu, kisha anasema kwa sauti ya chini kabisa, "huyu wa bomu," yaani ameuawa kwa baruti iliyorushwa baharini. Sasa hapo ndo kuna kitu ambacho kimenichukua miaka karibu ishirini kukikubali, kwamba alikuwa anasema huyu wa bomu, halafu siku zingine alikuwa anamnunua hivohivo.

Alikuwa rahisi. Hakuna siri nyingine. Samaki wa bomu anaharibika upesi, kwa hiyo mchuuzi anataka amtoe kabla ya saa sita mchana, na mama mwenye watoto watano na mshahara wa baba unaoishia tarehe kumi na mbili anajua kusubiri saa sita mchana. Jikoni kwetu samaki huyo alikuwa na sheria zake. Hafai kupakwa, ukimtia kwenye tui anamwagika unabaki na mchuzi wenye miiba, huyo ni wa kukaanga mpaka akauke kabisa, na ukimpasua lazima uoshe mara tatu maana tumboni mmejaa damu, na mti wa mgongo umekatika vipande vipande, unakula huku unakutana na mwiba mahali ambapo mwiba hauna kazi. Tulikuwa tunajua yote haya na tulikuwa watoto. Hakuna aliyetufundisha, ni kama unavojua kwamba embe la kijani lenye doa jeusi lina funza.

Na mlio wa bomu nao tuliujua. Shule yetu ya msingi ilikuwa karibu na bahari, siku maji yakiwa yametulia unasikia DUU, siyo kubwa, kama mtu amedondosha gunia la mchele chumba cha pili, vioo vya madirisha vinatetema kidogo, mwalimu anaendelea kuandika ubaoni. Hata hageuki! Sisi tulikuwa tunahesabu kwa vidole chini ya dawati, kuna siku tulifika saba kabla ya mapumziko. Babu yangu mzaa mama, ambaye alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa tenga, na mshipi maisha yake yote, yeye akiusikia alikuwa anasema "wanakohoa hao", basi, anarudi kwenye kazi yake.

Kwa wasiojua ngoja nieleze, maana nimegundua watu wa bara wengi wanadhani kupiga baruti ni kama kuvua kwa haraka tu, kwamba ni kosa kwa sababu sheria imesema. Mnachofanya ni hivi, mnatafuta kundi la samaki juu ya mwamba, mnarusha mlipuko, mnasubiri, mnazamia kuokota. Samaki wengi wa miambani wana kibofu cha hewa ndani kinachowasaidia kuelea, ule mgandamizo wa mlipuko unakipasua. Sasa samaki aliyepasuka kibofu haelei juu kama kwenye katuni, wengi wanazama. Kwa hiyo wale wanaookotwa ni baadhi tu, waliobaki wanaoza hukohuko chini, wakubwa kwa vifaranga, pamoja na vile vidogo ambavyo hakuna mtu angevila, yaani umechoma duka zima ili uchukue mkate mmoja.

Lakini samaki siyo hasara kubwa. Samaki huzaliana. Hasara kubwa ni mwamba wenyewe. Watu wa mjini wanaona tumbawe ni jiwe, hata sisi tulijengea nyumba kwa matumbawe na kuchoma chokaa, kumbe ni mnyama, ni maelfu ya vijinyama vidogo vinavyojenga nyumba ya chokaa polepole kweli, yale matumbawe makubwa ya mviringo yanaongezeka kama sentimita moja kwa mwaka hivi. Tumbawe lenye ukubwa wa meza ya chakula lilianza kabla babu yangu hajazaliwa. Bomu moja linaligeuza kifusi. Na kifusi kina ubaya wake wa pekee, hakitulii, kila wimbi likipita vipande vinabingirika, kwa hiyo tumbawe jipya likijaribu kujishika hapo linasagwa. Ndo maana mahali palipopigwa sana miongo miwili iliyopita bado panaweza kuwa kama site ya ujenzi iliyotelekezwa.

Babu alinichukua mara moja kwenda kuona. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka unaona migongo ya miamba. Tukaenda na ngalawa yake asubuhi sana. Akanionesha upande mmoja, akasema tazama chini, nikaona rangi na samaki wadogo wa njano, nikafurahi. Kisha akapiga kasia kidogo tu, labda kama urefu wa uwanja wa mpira, akasema tazama na hapa. Nikatazama nikamwambia babu hapa hamna kitu, mchanga tu na mawe. Akasema, "Hapa ndipo nilipomvua chewa wa harusi ya mama yako." Hakuongeza neno. Tulirudi na samaki wachache, akanipa kazi ya kumwaga maji kwenye chombo njia nzima.

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba baruti kwenye bahari yetu ilianza miaka ya 1960, na serikali ikapiga marufuku mwaka 1970. Kwa hiyo mimi nimezaliwa, nimekua, nimehesabu milipuko saba chini ya dawati, katika nchi ambayo kitu hicho kilikuwa marufuku muda wote huo. Nchi zingine za Afrika hazikuwa na hili tatizo kwa kiwango chetu, hilo ndo linaniuma, tulikuwa na sifa ya peke yetu na haikuwa ya kujivunia. Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi mkubwa Tanga wa hifadhi ya ukanda wa pwani, vijiji vya Mtang'ata na kwingineko vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba na wavuvi wenyewe wakaingia kwenye doria, halafu mwaka 1998 hivi wakaingia wanajeshi, na ghafla kukawa kimya. Ule ukimya naukumbuka vizuri, nilikuwa darasa la tano. Nilidhani tatizo limeisha kama malaria inavoisha ukimeza dawa. Wanajeshi walipoondoka, miaka michache tu, wakaanza tena kukohoa.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sipendi kuiandika.

Kwenye habari utasikia "wavuvi haramu", kama vile ni kabila fulani linashuka kutoka mlimani usiku. Hao watu tulikuwa tunawajua. Mmoja alikaa mtaa wa pili kutoka kwetu, alikuwa kijana mzuri, anacheza winga ya kulia, alichangia kwenye misiba kuliko watu wenye ajira. Siku moja utambi ukawaka haraka kuliko alivyodhani na mkono wa kulia ukaenda, mpaka kwenye kiwiko. Hospitali akasema ni jenereta. Manesi wakaandika jenereta. Mtaa mzima ukasema jenereta, na mimi nimekua nikisema jenereta mpaka siku nilipomtajia mke wangu ambaye ni wa Singida akaniuliza, jenereta gani linakata mkono namna hiyo? Nikanyamaza. Kila kijiji cha pwani nilichowahi kukaa kina mtu mmoja wa jenereta.

Kwa nini watu hawakusema? Kwanza ni ndugu. Pili, waliojaribu kusema walikatiwa nyavu usiku, na mtu wa dema moja ukimkatia kamba ya dema umemfukarisha. Tatu, kulikuwa na imani kwamba ukiripoti, jina lako litafika kwa uliyemripoti kabla hujafika nyumbani, na sitasema zaidi hapo. Nne, na hili ndo langu, tulikuwa tunamla. Utamshitaki vipi mtu wakati kitoweo chake kiko kwenye sufuria yako? Baruti haikuwa inatoka baharini jamani. Ilitoka bara, kwenye machimbo, kwenye makokoto, kwenye ujenzi wa barabara, na ilipokuja pwani ilikuta mkono wa kuirusha, boti la kubeba, mchuuzi wa kununua, na mama wa kubonyeza kwa kidole akajua na akalipa. Mnyororo mzima huo, halafu mwenye kosa akawa yule aliyekatika mkono.

Msinielewe vibaya, simtetei. Nilimchukia sana kijana yule siku babu alipoacha bahari. Aliacha kwa sababu dema ni mtego wa kungoja, unaushusha jirani na mwamba ulio hai, samaki anaingia kwa hiari yake akitafuta kula na kujificha, kesho unakuja kutoa wakubwa, wadogo unawarudisha wakiwa hai. Ni uvuvi wa mtu mwenye subira na wenye mwamba. Mwamba ukifa dema ni tenga tu. Zile dema zake za mwisho mbili zilikaa uani miaka, kuku wakawa wanatagia humo.

Mjomba wangu yeye alikwenda njia nyingine, jarife. Jarife ni wavu wa macho makubwa, wa kunasa papa na samaki aina ya taa, na zamani papa walikuwa hapahapa karibu, ng'onda, yaani papa mkavu, ilikuwa chakula cha maskini na mapezi yalikuwa na soko lake la mbali. Papa wakapungua. Akili ya mvuvi ni nini papa wakipungua karibu? Anashusha wavu mbali zaidi, chini zaidi. Wakafika kwenye miteremko yenye kina cha mita mia na kuendelea, kwenye giza, na kuanzia mwaka 2004 mitumbwi ya Tanga upande wa Kigombe na Mwarongo ikaanza kutoka na samaki ambaye hakuna mzee aliyekuwa na jina lake. Mkubwa, wa bluu iliyokolea yenye madoa meupe, mapezi mazito kama miguu ya mtoto anayetambaa. Mjomba hakuwahi kumvua mwenyewe ila alimwona kwenye chombo cha jirani yake, na mpaka leo akisimulia anasimama na kuonesha kwa mikono. "Mjomba, lile lilikuwa linanitazama!" Walijaribu kumla, wakajuta, nyama ina mafuta mazito na matumbo yaliwaendesha.

Ndo silikanti huyo. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mawe tu, wakiamini ametoweka pamoja na dainosaria, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini na dunia ikashangaa. Kumbe alikuwepo muda wote, mbele ya Tanga, chini ya nyavu zetu. Ndani ya miezi michache wakavuliwa wengi kuliko tulivyotarajia, na ndiyo sababu mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Watu wakaja na kamera. Lakini kilichonigusa mimi siyo umaarufu, ni utafiti uliotoka Ufaransa mwaka 2021, walisoma magamba yake kama unavosoma duara za mti, wakakuta anaweza kufikisha karibu miaka mia, jike hapevuki mpaka awe na zaidi ya miaka hamsini, na mimba anaibeba kama miaka mitano. Miaka mitano! Sasa jike mmoja aliyenaswa mwaka 2004 kwenye jarife lililokuwa linatafuta papa, pengine alizaliwa kabla ya uhuru na alikuwa hajazaa bado. Samaki huyo ameshinda yaliyowaua dainosaria akaja kushindwa na sisi kwa sababu tumemaliza papa wa karibu.

Nikahamia Dar kwa kazi. Nikawa mtu wa mjini, nanunua samaki soko la Feri jumamosi, na kila nikikaa na wenzangu baruti ikitajwa walikuwa wanasema aah hayo mambo ya Tanga na Mtwara huko. Na mimi nilikuwa naona aibu, kama ni kasoro ya kwetu. Mwaka 2015 watafiti wakapita na boti pwani nzima ya Tanzania wakivuta maikrofoni za chini ya maji, shughuli yenyewe ilikuwa ni kuhesabu pomboo na nyangumi, ila maikrofoni haichagui. Zikarekodi milipuko 318. Na asilimia 62 ya hiyo milipuko ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Dar! Siyo kijijini, siyo porini, jirani na wizara zote za wakati huo, jirani na mimi na sahani yangu ya changu na ndimu. Niliposoma nikakumbuka samaki kadhaa wa Feri ambao nilikula nikahisi nyama imelegea nikajiambia ni barafu imeyeyuka. Mtoto wa mama yangu, niliyelelewa na kidole kile, nikajiambia ni barafu.

Mwaka huohuo ndo serikali ikaunda kikosi kazi cha taasisi mbalimbali, na tofauti yake na zile doria za zamani ni kwamba walianza kufuata baruti inatoka wapi na pesa inakwenda kwa nani, badala ya kukimbizana na vijana wa mitumbwi tu. Ikaleta matokeo, lazima niseme ukweli. Kufika mwaka 2018 milipuko ilikuwa imepungua sana, sehemu zingine kimya kabisa. Mimi ni mtu wa kulalamika kwa asili lakini hili lilifanyika, kitu kilichoshindikana tangu 1970 kilirudi nyuma ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo wale waliokuwa wanatuambia "haiwezekani, ni umaskini" walikosea, au walikuwa na sababu zao.

Ila ukimya wa mara hii siufurahii kama ule wa darasa la tano. Bahari ina shida zingine ambazo hazipigi kelele. Kokoro, wavu wa kukokota, linaburuzwa kwenye nyasi bahari, ndiko vifaranga wanakolelewa, huwezi kulisikia darasani. Joto nalo halisikiki, mwaka 1998, uleule wa wanajeshi, maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe ya pwani yetu yakapauka meupe na mengi yakafa, ikatokea tena 2016, na 2024 ikatangazwa tena dunia nzima. Yaani tuliacha kuyapiga mabomu na huku yanachemshwa, na huko kuchemshwa wa kwanza kulaumiwa siyo mvuvi wa Kigombe mwenye kasia. Hapo ndo nachoka. Mlipuko una mtu aliyeurusha unaweza kumfuata mpaka kwake, joto utalifuata mpaka kwa nani?

Sikukuu ya Idd iliyopita nilikwenda nyumbani. Binamu yangu ana miwani ya kuzamia, tukaenda kwenye ule mwamba wa babu, au tuseme mahali ninapodhani ni pale, maana babu hayupo tena wa kuthibitisha. Upande wa kifusi bado ni kifusi. Nilizama mara nne tano nikitafuta kitu cha kujifariji, nikaona kwenye jiwe moja kubwa, ambalo nadhani lilikuwa zito mno kubingirika, vitumbawe vitatu vimejishika, kikubwa chao kama sahani ya chai. Nikapiga hesabu ya sentimita moja kwa mwaka. Kama hesabu yangu iko sawa basi kilianza karibu na wakati milio ilipopungua, labda kabla kidogo. Binamu akaniuliza umeona nini mbona umekaa sana chini, nikamwambia sahani. Akacheka.

Kesho yake nikamsindikiza mama Deep Sea. Ana miaka sitini na nane, magoti yanamsumbua, lakini kidole ni kilekile. Akasimama kwenye meza ya kijana mmoja ambaye nadhani hata hajawahi kusikia bomu likilia, akachukua changu, akabonyeza, akaachia. Nyama ikarudi juu vizuri kabisa. Jicho safi, shavu jekundu. Akambonyeza tena kama haamini, kisha akamlaza kwenye kiganja, na changu mzima akaenea kiganjani, kichwa mpaka mkia.

"Mwanangu, huyu si mtoto?"

"Ndio wanaopatikana mama."

"Hajazaa huyu."

Kijana akatabasamu, akaanza kupanga fungu upya ili wakubwa kidogo wakae juu. Mama akanitazama mimi, akaangalia saa ya simu yangu, nyumbani wageni walishaanza kufika na wali ulikuwa umeshapikwa. Akafungua pochi akanunua mafungu mawili.

Aliwapaka.